African Jazz na OK Jazz: Ipi Ilifanya Sanaa Kubwa Zaidi?

Mhadhara kwa wapenzi wa muziki, Minova, Kivu ya Kusini

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wazee wetu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 60 bila kulimaliza. Kati ya African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Luambo Makiadi, ni orkestra ipi iliyofanya sanaa kubwa zaidi? Nimekuja na jibu langu na sitawasubirisha. Nasema ni OK Jazz. Ila nalisema hilo nikiwa naipenda African Jazz kwa moyo wote, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo itakuwa sifa zake, maana asiyeujua uzuri wa aliyeshindwa hawezi kueleza ushindi wa aliyeshinda.

Huko Uingereza watu wenye wajukuu bado wanashindana juu ya Beatles na Rolling Stones, na vitabu juu ya ubishi huo vinaandikwa kila leo. Beatles walianza Liverpool mwaka 1960. Mwaka huo African Jazz ilikuwa na umri wa miaka 7, na OK Jazz miaka 4. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, baada ya Kinshasa na Brazzaville kupeleka ombi kwa pamoja. Muziki uliofika huko unastahili kusikilizwa kwa makini na kupimwa, kazi kwa kazi, wimbo kwa wimbo. Ubishi wa baa hautoshi.

Historia nitaipitia haraka, kwa kuwa wengi mnaijua. African Jazz ilianzishwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1953. Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alizaliwa Matadi mwaka 1930. Sauti yake ilipata malezi katika kwaya ya kanisa, na ukoo wake ndio ukoo wa Kardinali Joseph-Albert Malula. Karibu naye walikuwako wapiga gitaa Tino Baroza, Nicolas Kasanda tunayemwita Docteur Nico, na Charles Mwamba, yaani Déchaud, kaka yake Nico. Mwaka 1959 akaja kijana mwenye sauti nyembamba ya kupendeza, Pascal Tabu, aliyejulikana kama Rochereau, na baadaye Tabu Ley. OK Jazz ilizaliwa Juni 1956 katika baa ya Oscar Kashama, na herufi mbili za jina la baa hiyo ndizo zilizobaki katika jina la orkestra. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Jean-Serge Essous wa klarineti, mwimbaji Vicky Longomba, na kijana wa miaka 17 aliyekuwa akirekodi tangu 1953 katika studio ya Loningisa, François Luambo Makiadi. Sote tunamjua kwa jina la Franco.

Orkestra zote mbili zilikunywa kisima kimoja. Santuri za Kyuba zenye alama ya GV, zilizofika bandarini tangu miaka ya 1930, ziliwafundisha wote bolero, rumba na cha-cha-cha. Kwa hiyo tusiseme mmoja alikuwa wa Kiafrika na mwingine wa kuiga. Wote waliiga, kisha wote wakaumba. Tofauti iko katika kile walichokiumba.

Kuna hukumu ya zamani ambayo imetuharibia masikio, na lazima tuiondoe kwanza. Inasema kwamba African Jazz ilikuwa orkestra ya watu waliosoma, na OK Jazz orkestra ya watu wa mtaani. Chanzo chake kinajulikana. Kabasele alivaa suti, alisema Kifaransa kizuri, aliimba mapenzi kwa adabu. Franco aliacha shule baada ya baba yake, mfanyakazi wa reli, kufariki. Mama yake aliuza mikate sokoni, na mtoto alipiga muziki karibu na meza ya mama ili wateja wasogee. Basi watu wakaupima muziki kwa mavazi na vyeti vya wanaoupiga. Mpaka leo nasikia mtu akisema African Jazz ni ya kusikiliza na OK Jazz ni ya kucheza, na anayesema hivyo anadhani ametoa hukumu ya sanaa, kumbe ametoa hukumu ya tabaka. Tuiache hiyo hapa mlangoni.

Sasa uzuri wa African Jazz.

Mjue kwamba santuri ya wakati ule ilibeba dakika 3 tu kwa upande mmoja, au zaidi kidogo. Kabasele na wenzake walikuwa mabingwa wa kuijaza nafasi hiyo ndogo bila kuibana. Chukueni Parafifi, wimbo wa mapenzi unaomtaja mwanamke wa redio ya Brazzaville, Félicité Safouesse. Hakuna kitu ndani yake unachoweza kukitoa. Sauti zinaingia pamoja, zinaachana kidogo, zinakutana tena, na kabla hujashiba wimbo umekwisha. Mtunzi wa leo anayejaza dakika 7 kwa wazo moja angejifunza mengi kwa kukaa na wimbo huo jioni moja, akiandika kila sauti inaingia lini na inanyamaza lini.

Halafu kuna mkono wa Nico. Watu walimwita Daktari, na walijua kwa nini. Gitaa lake linapiga noti moja baada ya nyingine, kila moja imeoshwa, na mstari wake unakwenda mbali kama sentensi ya mtu anayejua atamalizia wapi. Mwimbaji anapopumua, gitaa linachukua neno. Mwimbaji anaporudi, gitaa linampisha. Nico hakugombana na sauti hata siku moja. Chini yake Déchaud alikuwa akiweka rithim tulivu, bila kujionyesha, na ni huo utulivu wa kaka uliompa mdogo wake uhuru wa kuruka. Nikisikiliza gitaa za Afrika Mashariki za miaka ya 1960 na 1970, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, nasikia wanafunzi wa Nico kila mahali. Ushawishi kama huo haununuliwi.

Na ipo Indépendance Cha Cha. Januari 1960 Kabasele alikwenda Brussels na wanamuziki wake wakati viongozi wa Kongo walipokutana na Wabelgiji katika Meza ya Duara. Wajumbe wa CEREA, chama cha Kivu yetu, nao walikuwako. CEREA ndicho chama cha Anicet Kashamura, mwana wa Kalehe hii hii, aliyekuja kuwa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba. Uhuru ulipopangiwa tarehe, Kabasele aliimba habari hiyo mle mle mjini, na wimbo ukatoka ukaenea Afrika nzima. Mara nyingi tunausifu kwa historia yake tu. Mimi nausifu kwa ufundi. Kuweka majina ya viongozi na vyama katika wimbo ni kazi ngumu, majina hayana lahani na hayana mapenzi, na mtunzi hodari anaweza kuishia kusoma orodha. Kabasele aliyapanga majina yale juu ya mwendo wa cha-cha-cha yakawa yanacheza yenyewe, na gitaa la Nico linafungua wimbo kwa furaha isiyo na kiburi.

Lakini hapo hapo kuna jambo ambalo mashabiki wa Kabasele hulisahau. Katika kundi lile la Brussels walikuwamo Vicky Longomba na Armand Moango, yaani Brazzos, na wote wawili walitoka OK Jazz. Wimbo mkubwa kuliko zote unaobeba jina la African Jazz ulifanywa na mikono ya orkestra zote mbili. Na Kabasele alilipa deni hilo kwa ukarimu. Alipoanzisha lebo yake, Surboum African Jazz, aliwapeleka OK Jazz nao Brussels mwaka 1961 wakarekodi. Mshindani anayemfungulia mshindani wake mlango wa studio ni mtu wa kuheshimiwa, na mimi namheshimu.

Ila orkestra yake haikudumu. Mwaka 1963 Nico, Rochereau na wengine walimwacha, wakaunda African Fiesta. Miaka michache baadaye Fiesta nayo ikapasuka, Nico akabaki na Sukisa, Rochereau akaendelea na upande wake hadi ukawa Afrisa. Ninaposema African Jazz leo nahesabu pia watoto hao, kwa sababu wote walisoma darasa moja, na haitakuwa haki kumpima Kabasele wa miaka 10 na Franco wa miaka 33 bila kumpa Kabasele wanawe.

Njooni sasa kwa Franco. Kama Nico alikuwa Daktari, Franco aliitwa Mchawi wa gitaa, na majina hayo mawili yanaeleza mengi. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mara nyingi nyuzi mbili kwa pamoja, na sauti yake ina ukali wa chuma. Mkono wa namna hiyo si mgeni kwetu mashariki. Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa vidole viwili hivyo hivyo, akiimba kwa Kiswahili, na wimbo wake Masanga ulifika duniani kabla ya nyimbo za wengi wa Kinshasa. Anayesema Franco hakuwa fundi kwa kuwa hakupiga mistari mirefu kama Nico, na amweleze kwanza Bosco.

Siri ya Franco iko katika kurudia. Mnapoisikiliza sebene ya OK Jazz, ile sehemu ambayo waimbaji wananyamaza na magitaa yanashika uwanja, mtaona anachukua kipande kifupi sana, pengine noti 4 au 5, akakipiga, akakirudia, akakirudia tena. Sikio la haraka linachoka na kusema hajui kitu kingine. Sikilizeni tena. Mara ya pili amekigonga kipande kile nyuma kidogo ya ngoma. Mara ya tatu ameacha noti moja, na wewe mwenyewe umeijaza kichwani. Mara ya nne besi imebadilika chini yake, na kipande kile kile kimekuwa na maana nyingine. Wakati huo rithim haitikisiki, na gitaa la tatu, la mi-solo, linazunguka katikati likiyashikanisha yale mengine. Mwendo huo ndio wapenzi wake waliuita odemba. Huwezi kuupiga kwa haraka, na huwezi kuupiga peke yako. Nico ni mtu mmoja mkubwa anayesindikizwa. Katika odemba kila mmoja anapiga kidogo, na jumla ndiyo kubwa.

Nimewaona vijana wa hapa Minova, wanaokaa karibu na bandari wakichaji simu na kuuza nyimbo kwenye kadi, wakiikata sebene ya OK Jazz na kubakiza dakika moja ya mwisho, ile ya moto. Nawaomba radhi vijana, lakini hapo mnaharibu kazi. Moto ule wa mwisho umepikwa na dakika zote zilizotangulia. Ukiukata ukaanza nao, unabaki na kelele nzuri isiyo na sababu.

Kurudia huko kulihitaji muda, na muda ulikuja. Santuri zilipopanuka na kubeba zaidi ya dakika 10 upande mmoja, darasa la Kabasele lilizitumia zaidi kurefusha dansi. OK Jazz ilizitumia kusimulia. Ndipo zikaja kazi za miaka ya 1980 pamoja na mwimbaji Madilu System: Mamou mwaka 1984, Mario mwaka 1985. Hizi ni tamthilia. Katika Mamou wanawake wawili wanaumbuana, na maneno yao yanatoka vinywani mwa wanaume watu wazima bila mzaha, kiasi kwamba msikilizaji anasahau nani anaimba. Katika Mario kuna kijana msomi anayekula kwa mwanamke tajiri aliyemzidi umri, na Franco anaacha kuimba, anasema, analalamika, anashauri, huku magitaa yakiendelea chini yake bila kupandisha sauti. Hata Dar es Salaam kijana wa tabia hiyo huitwa mario mpaka leo.

Hapa nina neno kwetu sisi watu wa Kivu. Kinshasa upande unarithiwa, baba akiwa wa Franco mtoto naye ni wa Franco. Sisi hatuna mzigo huo, na ni faida yetu. Nyumbani tunasema Kihavu, Kihunde, Kishi, sokoni tunasema Kiswahili, na Lingala ilitufikia kwa askari na kwa muziki. Kwa hiyo wengi wetu huusikia wimbo miaka mingi kabla ya kuuelewa. Matokeo yake ni kwamba tunahukumu kwa lahani, na kwa lahani peke yake Rochereau atashinda kila siku, hana mpinzani. Lakini hiyo ni hukumu ya nusu ya kazi. Mtu asiyefuata maneno ya Mario anaona ni wimbo mrefu wenye mtu mnene anayeongea sana. Mtafute anayejua Lingala vizuri akufafanulie sentensi kwa sentensi, kisha usikilize tena. Utagundua kwamba Franco anaposema, anasema juu ya mapigo, hakosi hata pigo moja, na kwamba hasira yake inapanda kwa ngazi zilizopangwa.

Nataka tulinganishe kwa karibu kazi mbili zinazohusu jambo moja, kifo, maana hapo ndipo msanii hawezi kujificha. Upande mmoja ni Mokolo Nakokufa ya Rochereau, ya miaka ya 1960 katika siku za African Fiesta. Upande wa pili ni Mabele ya Lutumba Simaro, OK Jazz, mwaka 1974.

Rochereau anajiweka katika nafsi za watu mbalimbali, kila mmoja akiifikiria siku yake ya kufa: maskini, tajiri, mlevi, kahaba. Wazo ni zuri kweli kweli. Linawaweka wote mstari mmoja mbele ya kaburi, na lilihitaji ujasiri kuimbwa katika ukumbi wa dansi. Sauti yake inatetemeka kidogo, ni laini, inaleta machozi. Ila nisikilizapo naona kwamba uzuri wa sauti umewafunika wale watu. Maskini anaimba vizuri kama tajiri anavyoimba vizuri. Mlevi hana ulevi sautini. Wote wamekuwa Rochereau, na mimi namlilia Rochereau.

Simaro hakuleta watu wengi. Alileta udongo. Mwanadamu anasimama mbele ya ardhi ambayo siku moja itampokea, na anatafakari. Simaro alikuwa mpiga gitaa la rithim, mtu wa kukaa nyuma, na watu walimwita mshairi, jina alilolibeba hadi alipofariki Machi 2019. Katika Mabele muziki hauna haraka. Magitaa yanatembea chini ya sauti kwa mwendo ule ule, bila kulia pamoja na mwimbaji, na ukimya huo wa magitaa ndio unaotisha. Hakuna anayekuomba ulie. Ukilia, umelia kwa ajili yako mwenyewe. Kwangu huo ni uwezo wa juu zaidi, na sidhani kama muziki wa Kongo umewahi kupita hapo.

Na nani aliimba Mabele? Sam Mangwana. Huyu alikua katika upande wa Rochereau. Alipohamia kwa Franco mwaka 1972, mashabiki waliona kama usaliti. Kumbe ilikuwa ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika maisha ya OK Jazz. Sauti iliyolelewa katika ulaini wa Fiesta ilikutana na maneno mazito ya Simaro na odemba ya Franco, na hakuna hata kimoja kati ya vitatu hivyo ambacho peke yake kingetoa Mabele. Baadaye Ndombe Opetum naye akatoka kwa Tabu Ley akaja huko huko.

Hiyo ndiyo hoja yangu kuu, ndugu zangu, na nyingine zote naziweka chini yake. OK Jazz ilijifunza. Mwaka 1956 ilikuwa orkestra ya klarineti ya Essous. Essous akaenda Brazzaville kuanzisha Bantous de la Capitale mwaka 1959, na orkestra haikufa. Mwaka 1963 akaja Verckys na saksafoni yake yenye pumzi ya soul, akaipa sura nyingine, akaondoka 1969, na orkestra haikufa. Wakaja Mangwana, Josky, Ndombe, Dalienst, kisha Madilu, kila mmoja mtunzi au mwimbaji mwenye jina lake, na Franco aliwaachia nafasi ya kutunga na kuimba kazi zao wenyewe. Nyimbo nyingi tunazosema ni za Franco si zake, ni za Simaro, ni za Josky. Kiongozi aliyekubali hivyo alikuwa msanii mkubwa hata siku ambazo hakugusa gitaa. Darasa la Kabasele, kila mtunzi alipokua, nyumba ilipasuka. Chukua kazi bora za OK Jazz za miaka ya 1970 na utakuta ndani yake ule uimbaji mtamu wa African Jazz, umehifadhiwa na kuongezewa. Chukua kazi bora za African Jazz, huwezi kuikuta OK Jazz ndani yake.

Sitanyamazia makosa. Mwaka 1984 Franco aliimba Candidat na biso Mobutu, wimbo wa kampeni kwa mtu asiyekuwa na mpinzani, na kama kazi ya sanaa ni dhaifu kama ilivyo dhaifu kama tendo. Nyimbo zake kadhaa zinawasema wanawake kwa ukali ambao binti zetu hawastahili kuusikia bila maelezo, na mwaka 1978 alifungwa kwa nyimbo zilizohukumiwa kuwa chafu. Miaka ile ya mwisho kuna santuri ambazo ni ndefu tu, hazina la kusema. Lakini mtu huyo huyo, baada ya Mobutu kuwanyonga hadharani mawaziri wanne wa zamani Juni 1966, alitoa Luvumbu Ndoki, wimbo uliosomwa na kila mtu kuwa ni juu ya mauaji yale, na santuri zikakusanywa. Mtu huyo huyo mwaka 1987, UKIMWI ukiwa bado ni aibu kutajwa, aliimba Attention na SIDA, akataja kila kitu kwa jina lake. African Jazz haina doa la namna hiyo, ni kweli. Nadhani haina kwa sababu baada ya wimbo wa uhuru haikuingia tena mahali penye matope.

Franco alifariki Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na taifa likaomboleza kwa siku 4. Kabasele alikuwa ametangulia Februari 1983, Nico Septemba 1985. Tabu Ley, aliyeimba Olympia ya Paris mwaka 1970 na kuuinua muziki wetu mahali ambapo ulikuwa haujafika, aliondoka Novemba 2013. Kabla ya hapo, mwaka 1983, yeye na Franco walirekodi pamoja, na kazi hiyo iko, itafuteni, mpime wenyewe mahali ambapo madarasa mawili yanakaa meza moja.

Nawaomba mambo mawili. Familia nyingi hapa zimekimbia zaidi ya mara moja, na santuri hazibebeki kichwani pamoja na watoto na magodoro. Wazee waliobaki na kumbukumbu ya nani alipiga gitaa gani katika wimbo gani ndio maktaba yetu. Walimu, wapelekeeni wanafunzi wakaandike majina hayo kwenye daftari, mwaka huu, wala si mwaka kesho. Nanyi vijana wenye orkestra za kanisa na za mtaani, acheni kuniuliza mfanye sebene ipi. Kaeni watatu, mmoja na rithim, mmoja na mi-solo, mmoja na solo, mpige kipande cha noti 5 kwa robo saa bila kukibadilisha, kisha imbeni juu yake kwa Kiswahili chetu, habari za ziwa hili na barabara hii ya Kalehe.

Na asiyekubaliana nami, najua mko wengi, aje na wimbo mmoja wa African Jazz anaoupenda kuliko zote. Tutausikiliza pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha anionyeshe ndani yake kitu kimoja ambacho OK Jazz haikuwa imekijua ilipofika mwaka 1975. Akikionyesha, nitabadilisha hukumu yangu mbele yenu hapa hapa.